Seneta aliyekodishwa shambani: Tunis Campbell alikosa nini?

"Shikamoo mwalimu," ameandika msomaji mmoja. "Katika kusoma habari za Marekani baada ya utumwa nimekutana na jina la Tunis Campbell wa Georgia, jimbo la kusini. Mahali pamoja anaitwa baba wa watu wa Darien. Pengine anaitwa dikteta mweusi, mlaghai aliyewapumbaza watu wasiojua kusoma. Kisha nikasoma kwamba alikuwa seneta na mchungaji, na bado alifungwa pingu akiwa na miaka 63 akakodishwa kufanya kazi shambani kwa mtu. Naomba uniambie ukweli. Alikuwa na hatia au hakuwa nayo? Na seneta anakodishwaje?"

Marahaba. Jibu la haraka ni kwamba mahakama ilimtia hatiani kweli, kwa kosa la kutumia vibaya madaraka yake ya uhakimu kwa kumkamata mtu isivyo halali. Hilo limeandikwa na siwezi kulifuta. Lakini ukilichukua peke yake hutaelewa chochote, kwa sababu hukumu ile ilikuwa hatua ya mwisho ya kazi iliyochukua miaka mingi: kazi ya kumwondoa mtu mmoja aliyejua kuwapanga watu. Nianzie hapo kwenye kupanga, maana ndipo waandishi wengi wanapopita mbio.

Kwanza niondoe utata mmoja. Campbell hakuwa seneta wa Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, karibu yote yakiwa na mabaraza mawili, na yeye alikuwa katika Seneti ya Georgia. Kwa mtu aliyetoka utumwani jana, bunge hilo la jimbo ndilo lililokuwa zito zaidi. Humo ndimo ilimoamuliwa nani aingie kwenye jopo la mahakama, deni lidaiwe vipi, shule ipate fedha au isipate, na nani aandikishwe kupiga kura.

Alizaliwa mwaka 1812 huko Middlebrook, New Jersey, mtoto wa mhunzi, katika familia huru. Utumwa wa kumilikiwa hakuujua mwilini mwake, na hilo baadaye adui zake walilitumia wakisema ni mgeni kutoka kaskazini aliyekuja kuvuruga watu wa nyumbani. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya kanisa la Episkopali huko Babylon, New York, kati ya watoto wa kizungu. Waliomsomesha walitaka aende Liberia kuwa mmishonari. Wakati ule palikuwa na chama chenye nguvu kilichoamini kwamba dawa ya weusi huru wa Marekani ni kuwarudisha Afrika. Kijana akakataa. Akawa mhubiri wa Kimethodisti na mpinzani wa mpango ule, akasema haondoki katika nchi ile mpaka kila mtumwa awe huru humo humo.

Kwa riziki alifanya kazi hotelini. Alikuwa mkuu wa wahudumu katika Howard Hotel ya New York, kisha akafanya kazi Adams House ya Boston, na mwaka 1848 akachapisha kitabu cha mwongozo kwa wenye hoteli, wakuu wa wahudumu na watunza nyumba, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya aina hiyo kuandikwa Marekani. Mtu anaweza kudhani hilo ni pambo tu katika maisha ya mwanasiasa. Mimi nadhani ndiyo ufunguo wake. Katika kitabu kile anaeleza namna ya kuwafundisha wahudumu kama kikosi cha askari: kila mmoja na nafasi yake, kuingia kwa mstari, kusimama, kuweka sahani na kuondoka kwa ishara moja. Anaweka hata michoro. Pamoja na hayo anasisitiza kwamba mhudumu ni mtu mwenye heshima yake, na mwajiri amlipe kwa wakati. Nidhamu kutoka kwa mfanyakazi, haki kutoka kwa tajiri. Weka mawazo hayo mawili akilini, kwa sababu miaka 20 baadaye utayakuta tena katika mashamba ya mpunga ya Georgia, na safari hiyo yatawakasirisha watu wakubwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaendelea, Campbell, mtu wa makamo sasa, mwenye mke na watoto, alimwandikia Rais Lincoln mwaka 1863 akieleza jinsi watu wanaotoka utumwani wanavyoweza kuelimishwa na kujitegemea. Akapelekwa Port Royal, visiwani South Carolina, eneo ambalo jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Lincoln, lilikuwa limekwisha kulitwaa, afanye kazi chini ya Jenerali Rufus Saxton.

Sasa tufike kwenye ardhi. Tarehe 12 Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Muungano alikutana mjini Savannah na viongozi 20 wa makanisa ya weusi. Msemaji wao, mzee Garrison Frazier, aliulizwa watu wake wanahitaji nini ili wajitegemee. Akajibu kwamba njia bora ni wapewe ardhi, wailime kwa nguvu zao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri namba 15: visiwa vya pwani kuanzia Charleston kuelekea kusini, na ukanda wa mashamba ya mpunga ulioachwa na wenyewe, vitengwe kwa ajili ya watu walioachwa huru, kila familia isizidi ekari 40. Ndiko yalikotoka yale maneno ya "ekari 40" unayoyasikia hadi leo.

Saxton akampa Campbell usimamizi wa visiwa vitano vya Georgia: Ossabaw, Delaware, Colonel's, St. Catherines na Sapelo. Makao yake yakawa St. Catherines. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Mabwana wamekimbia, nyumba zimeachwa, mashamba yamevamiwa na magugu, na watu wanashuka kutoka bara na mabunda kichwani, wengine wakitafuta watoto waliouzwa mbali. Campbell akawagawia viwanja. Akaanzisha shule, ambako mkewe na wanawe walifundisha. Kisha akaandika katiba. Kisiwa kile kikawa na seneti ya watu 8, baraza la wawakilishi 20, mahakama na kikosi cha ulinzi, yeye mwenyewe akiwa mkuu wa yote. Wazungu hawakuruhusiwa kushuka kisiwani bila idhini.

Hapa ndipo mbegu ya neno "dikteta" ilipopandwa, na si haki nikwambie kwamba haina msingi wowote. Campbell alipenda kuongoza. Alikuwa mkali wa nidhamu, na sidhani kama mtu alishindana naye kwa kura pale kisiwani. Lakini tazama alichokifanya na madaraka yale. Mtu anayetaka kutawala peke yake haanzi kwa kuwafundisha watu namna ya kukaa barazani, kujadili na kupiga kura. Wale watu hawakuwahi kuruhusiwa kuchagua hata siku yao ya kupumzika. Kwa miezi kadhaa walifanya mazoezi ya utawala, kama wale wahudumu walivyofanya mazoezi kabla wageni hawajaingia ukumbini. Wageni walikuwa njiani kweli, maana miaka miwili baadaye weusi walipewa haki ya kupiga kura, na wale wa pwani hii haikuwakuta wameduwaa.

Ardhi, hata hivyo, haikukaa. Lincoln aliuawa Aprili 1865, na Andrew Johnson aliyemfuata akaanza kuwasamehe wenye mashamba wa kusini na kuwarudishia mali zao. Familia zilizokuwa zimekwisha panda zikaambiwa ama zitie saini mkataba wa kumfanyia kazi bwana wa zamani, ama zihame. Mkuu mpya kwa Georgia wa Ofisi ya Watu Walioachwa Huru, idara ya serikali ya taifa ya kuwasaidia waliotoka utumwani, Davis Tillson, alikuwa upande wa kurudisha. Mwaka 1866 akamwondoa Campbell madarakani, akamtuhumu kwa udanganyifu, na kumpiga marufuku kukanyaga visiwa vile.

Wengi wangerudi Boston. Yeye akavuka tu maji akaingia bara, wilaya ya McIntosh, akapata ekari 1,250 za shamba lililoitwa Belleville, akaunda ushirika wa wakulima weusi wagawane viwanja na kulima wenyewe. Somo alikuwa ameshalipata: ardhi ya kupewa kwa amri huondoka kwa amri. Safari hii alitaka hati na mkataba.

McIntosh inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu bila kuijua hutaelewa kwa nini mtu mmoja aliweza kuwa na nguvu vile. Mji wake mkuu, Darien, uko karibu na mahali mto Altamaha unapoingia baharini. Magogo ya misonobari yaliteremshwa mtoni kutoka bara, yakapasuliwa na kupakiwa melini hapo, na mabaharia walikuja kutoka kila upande. Mji ulikuwa majivu, umechomwa na askari wa Muungano Juni 1863. Jirani yake kulikuwa na mashamba makubwa ya mpunga, mojawapo Butler Island, mali ya Pierce Butler, yule ambaye mwaka 1859 aliuza watu 436 kwa mnada mjini Savannah ili kulipa madeni yake. Weusi walikuwa wengi kuliko wazungu kwa mbali. Mpunga wa kule ulilimwa kwa kufungulia na kufunga maji ya mto kufuata kujaa na kupwa kwa bahari, kwa hiyo ulihitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Mikono ikigoma siku ya kufungua maji, msimu umekwenda.

Campbell alilifahamu hilo vizuri. Aliwasomea wafanyakazi mikataba kabla hawajatia kidole. Aliwaambia wakatae mkataba mbaya, tena wakatae wote pamoja. Binti yake Pierce Butler, aliyerudi kuendesha mashamba ya baba yake baada ya vita, ameacha kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1883, na humo analalamika juu ya jinsi Campbell alivyowatawala weusi wa eneo lile. Sifa nyingi mbaya ulizozisoma zinatoka kwa watu wa nafasi kama yake. Nisome malalamiko yale kwa haki: yule mama hakusema uongo alipoandika kwamba neno la Campbell lilikuwa na uzito kuliko la kwake kwa wafanyakazi wa shamba lake. Ilikuwa kweli. Swali ni kwa nini ilipaswa kuwa vinginevyo.

Mwaka 1867 Bunge la Washington lilipoamuru majimbo ya kusini yaandikishe wapiga kura wanaume, weusi kwa wazungu, Campbell aliteuliwa kuwa mmoja wa waandikishaji katika wilaya za McIntosh, Liberty na Tattnall. Akachaguliwa kwenda Atlanta kwenye mkutano wa kuandika katiba mpya, na Aprili 1868 akachaguliwa seneta wa wilaya hizo hizo. Mwanawe, Tunis mdogo, aliingia baraza la wawakilishi.

Katika mkutano ule wa katiba palitokea kosa lililowagharimu. Kifungu kilichotamka wazi kwamba mweusi anaweza kushika wadhifa wa kuchaguliwa kiliondolewa. Wajumbe weusi waliambiwa na wenzao wazungu wa chama chao cha Republican, chama cha Lincoln, kwamba hakuna haja, haki ya kupiga kura inabeba na haki ya kupigiwa. Wakaamini. Bunge likafunguliwa Julai 1868, na Septemba hoja ikaletwa kwamba weusi hawana haki ya kukaa humo, kwa kuwa katiba haikusema. Baraza la wawakilishi likawafukuza tarehe 3 Septemba. Seneti ikamfukuza Campbell na mwenzake George Wallace tarehe 12. Wazungu wa chama chao wenyewe wapo waliopiga kura ya kuwafukuza. Wachache wenye rangi nyepesi waliachwa kwa sababu haikuwezekana kuthibitisha kwamba ni weusi vya kutosha. Viti vikapewa waliokuwa wameshindwa uchaguzi.

Unaweza kujiuliza walifanya nini. Henry McNeal Turner, mchungaji na mjumbe wa baraza la chini, alisimama akatoa hotuba ambayo mpaka leo inasomwa, akisema hatajipendekeza wala kupiga magoti kuomba haki zake. Wengine walichagua barabara: Philip Joiner, naye mmoja wa waliofukuzwa, aliongoza maandamano kwenda mkutano wa kisiasa katika mji wa Camilla tarehe 19 Septemba. Walipoingia mjini walipigwa risasi na wazungu waliokuwa wakiwasubiri, watu kadhaa wakafa, na waliokimbia wakawindwa porini. Abram Colby, mjumbe mwingine, alitolewa kitandani mwaka 1869 na Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatesa weusi, akachapwa kwa saa nyingi mpaka wakadhani amekufa. Alipona, akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la taifa. Campbell naye alikwenda Washington kupeleka malalamiko ya waliofukuzwa.

Kelele hizo zilizaa matunda. Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Georgia, katika kesi ya karani mweusi wa mahakama ya Savannah, iliamua kwamba weusi wana haki ya kushika nyadhifa. Desemba ya mwaka huo Bunge la taifa likairudisha Georgia chini ya jeshi, na Januari 1870 waliofukuzwa wakarudi vitini. Campbell akaendelea pale alipoachia: elimu sawa kwa watoto wote, weusi kuingia kwenye majopo ya mahakama, kulindwa kwa nyumba na shamba la mtu visinyang'anywe kwa deni, kukomeshwa kwa kifungo cha madeni, uchaguzi wa haki. Mingi ya miswada hiyo haikupita. Yalikuwa mambo ya mtu aliyekaa na wadaiwa na kuwajua kwa majina.

Lakini nguvu yake halisi haikuwa Atlanta, ilikuwa Darien. Kule alikuwa hakimu wa ngazi ya chini, yule anayesikiliza kesi ndogo za ugomvi, mshahara na matusi. Kwa mtu maskini huyo ndiye serikali. Kibarua asiyelipwa alikwenda kwake, na mwajiri akaitwa. Baharia mweusi aliyepigwa na nahodha alikwenda kwake, na nahodha akajikuta mbele ya hakimu mweusi akitozwa faini au kuwekwa ndani. Kikosi cha weusi wenye silaha kilimlinda nyumbani na kuitikia wito wake. Weusi wengine walishika nyadhifa nyingine za wilaya. Klan, iliyotawala usiku katika wilaya nyingi za Georgia, haikupata nafasi ya kujitanua McIntosh. Kila ninaposoma habari za Camilla huwa nawaza Darien, mwendo usiozidi siku chache kwa farasi, ambako watu wale wale, waliotoka katika utumwa ule ule, walikwenda kupiga kura na kurudi nyumbani wazima. Tofauti ilikuwa wingi wao, ndiyo, lakini wilaya nyingine zilikuwa na wingi kama huo na bado zilivunjwa. Darien ilikuwa imepangwa.

Na hapa ndipo kesi zilipotoka. Gavana Rufus Bullock wa chama cha Republican aliona mambo yamegeuka, akajiuzulu na kuondoka jimboni Oktoba 1871. Bunge la jimbo likawa mikononi mwa Democratic, chama cha wazungu waliopinga haki za weusi. Wakaunda bodi ya makamishna wa kuteuliwa kuichukulia McIntosh madaraka ambayo wapiga kura walikuwa wameyaweka mikononi mwa watu wao. Mwaka 1872 Campbell alinyimwa kiti chake cha Seneti katika uchaguzi ambao yeye na wafuasi wake walilalamika kwamba kura zao hazikuhesabiwa. Akabaki na uhakimu. Basi wakamfuata kwenye uhakimu.

Alishtakiwa mara baada ya mara. Kesi moja ikianguka, inaletwa nyingine. Akipewa dhamana, anakamatwa upya. Mashtaka yalikuwa ya aina moja: kwamba katika kukamata na kufunga watu alivuka mipaka ya uhakimu wake. Sasa nirudi kwenye swali lako, alikuwa na hatia? Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kusoma habari zake, ni kwamba inawezekana kabisa katika kesi moja au mbili aliruka utaratibu. Hakusomea sheria, alikuwa mwepesi wa kuamuru, na alipomwona mtu amedhulumiwa alikuwa mkali kupita kiasi. Lakini mahakimu wadogo wa Georgia waliokuwa wakiwafunga weusi bila hata kuandika sababu walikuwa wengi, na hawakuburutwa kortini. Kinachohukumiwa katika kesi kama hii ni nani amemkamata nani. Hakimu mweusi kumweka mzungu ndani lilikuwa jambo ambalo utawala mpya haungeweza kuliacha lionekane la kawaida.

Alikaa muda mrefu katika jela ya Savannah akisubiri rufaa. Watu wa Darien walijaa bandarini na barabarani kila alipopelekwa, wengine wakitishia kuuchoma mji. Yeye aliwataka watulie. Alijua vizuri kwamba moshi wa nyumba moja ungetosha kuleta jeshi la jimbo juu yao na kuimaliza wilaya yote. Januari 1876 alihamishwa kwenda kutumikia kifungo cha mwaka mmoja cha kazi ngumu.

Anakodishwaje, unauliza. Utaratibu ulikuwa umekwisha wekwa. Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa "isipokuwa kama adhabu ya uhalifu". Georgia, ambayo magereza yake yalikuwa yameharibiwa na vita na hazina haina fedha, iliona mlango hapo. Mwaka 1868, chini ya gavana wa kijeshi Thomas Ruger, jimbo lilikodisha wafungwa weusi 100 kwa mjenzi wa reli kwa dola 2,500. Baadaye wafungwa wakapelekwa kwenye migodi, viwanda vya matofali na mashamba. Aliyekodisha aliwalisha, akawalinda, akawachapa. Kwa mwenye mtumwa wa zamani, mtumwa alikuwa mali iliyogharimu fedha nyingi, akifa ni hasara. Mfungwa wa kukodi akifa, unaletewa mwingine. Na kadiri jimbo lilivyopata fedha kwa kila kichwa, ndivyo mahakama zilivyozidi kuona wahalifu: aliyeiba kuku, aliyezurura bila kazi, aliyebishana na mwajiri. Utaratibu huo uliendelea Georgia hadi mwaka 1908.

Basi mzee Campbell, mwandishi wa katiba, alitiwa pingu akapelekwa shambani kwa mtu aliyemkodi kutoka kwa jimbo. Yule aliyekuwa ametunga sheria alifanywa kifaa katika hesabu za wengine, na hakuna kifungu cha sheria kilichovunjwa katika kumfanyia hivyo. Nakiri kwamba nikifika hapa katika kufundisha huwa nasimama kidogo, maana wanafunzi hudhani nimekosea tarehe.

Alimaliza kifungo Januari 1877. Akaondoka Georgia, akaenda Washington, na mwaka huo huo akachapisha kijitabu chake juu ya mateso yake na ya familia yake. Alitafuta msaada wa serikali ya taifa, lakini serikali hiyo ilikuwa ikiondoa askari wake wa mwisho kusini na haikuwa na sikio. Alifariki Boston mwaka 1891.

Waliosema alikuwa dikteta waliamini kwamba akiondolewa yeye, weusi wa McIntosh watatawanyika kama kondoo. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwako, kwa sababu kinaweza kupimwa. Nenda kwenye orodha za wabunge wa Georgia baada ya mwaka 1877. Wilaya baada ya wilaya, majina ya wabunge weusi yanakatika: kwa risasi, kwa kodi iliyodaiwa kabla ya kupiga kura, kwa masanduku ya kura yaliyojazwa usiku. McIntosh haikatiki upesi hivyo. Iliendelea kupeleka weusi Atlanta muda mrefu baada ya mzee kuondoka, akiwamo Lectured Crawford katika miaka ya 1880, mpaka William H. Rogers, aliyekuwa mbunge mweusi wa mwisho katika bunge lile alipoondoka mwaka 1907, miaka 30 baada ya Campbell kutoka kifungoni. Mwaka uliofuata Georgia ikabadili katiba yake ili kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura, na hakuna mweusi mwingine aliyeingia bungeni humo mpaka Leroy Johnson alipochaguliwa seneta mwaka 1962.

Ukifika Atlanta leo, nje ya jengo la bunge kuna sanamu iliyowekwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wale waliofukuzwa mwaka 1868. Ukipata nafasi ya kushuka pwani, panda feri ya kwenda Sapelo. Katika kijiji cha Hog Hammock bado wanaishi wazao wa wale waliokuwa watumwa wa kisiwa kile, na wanazungumza Kigeechee, lugha ya weusi wa pwani ile. Idadi yao imepungua sana, na wangali wanapambana na kodi za ardhi na kupigania viwanja vyao visichukuliwe na matajiri wa nyumba za likizo.